Mlango wa Bi Zamu

Kila mwaka mtaa ule ulikula Idi juu ya milango yake.

Mambo yalianza siku ambayo meza za kukodi hazikufika. Watu walikuwa wamerudi kutoka kwenye swala, masufuria yalikuwa yameshateremshwa, na mwenye meza alikuwa amezima simu. Bi Zamu hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate, na kuchelewa alikuona kama ugonjwa. Akamwita seremala wa mtaani, ambaye sikukuu ile wala haikuwa yake kwa kuwa yeye ni mtu wa kanisa, akamwagiza aung'oe mlango wa nyumba yake. Seremala alidhani anataniwa. Bi Zamu akamwonyesha bawaba kwa kidole, kisha akaenda kutafuta maji na brashi. Mlango ukashuka, ukasuguliwa, ukalazwa juu ya viunzi vya karakana, upande wa nje ukitazama juu. Jirani wa pili akaona aibu kubaki na mlango wake ukutani. Kabla chakula hakijapoa, meza moja ndefu ilikuwa imenyooka kutoka kona hadi kona.

Tangu hapo ikawa desturi, na desturi ikazaa sheria. Mlango wa Bi Zamu ndio unaotangulia kulazwa. Hakuna anayekula juu ya mlango wake mwenyewe. Hakuna kitambaa cha meza, kwa sababu Bi Zamu alisema mlango uliosuguliwa ukatakata unatosha. Wanaoswali wanakwenda kuswali na kuziacha nyumba mikononi mwa majirani wa kanisani, ambao ndio wanaong'oa milango na kupanga meza. Ikifika Krismasi kazi inageuka, na wa msikitini ndio wanaobeba. Kinyozi, ambaye hakukosa neno juu ya kitu chochote, alikuwa akiwaeleza wageni hivi: "Idi ni ya waliofunga. Milango ni ya mtaa."

Mwaka huu, siku ya mwisho ya mfungo, binti wa Bi Zamu alichuchumaa kwenye kizingiti cha nyumba yao, bisibisi mkononi, roho juu.

Mtaani walimwita Dobi, na jina hilo lilimtosha. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi yake. Palikuwa na meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, ndoo ya wanga, kamba iliyovuka chumba kutoka dirisha hadi dirisha, na mashati yaliyoning'inia kama watu waliopanga foleni bila vichwa. Nje, kando ya mlango, palikaa kapu kubwa ambamo wateja waliacha nguo zao chafu. Kapu hilo halikuwahi kusogezwa. Nyuma yake, chini kabisa ya mlango, palikuwa na komeo.

Komeo hilo lilikuwa limefungwa upande wa nje. Mtu aliyekuwa ndani hakuweza kulifungua.

Dobi alilitia mwenyewe, wiki chache baada ya Idi iliyopita. Katika Idi hiyo Bi Zamu alikuwa amekaa mezani kama kawaida. Alichanganya majina ya watu wawili watatu, na watu wakacheka wakidhani ni mzaha. Dobi hakucheka. Yeye alikuwa ameshaona sukari ikiwekwa kwenye ndoo ya wanga. Kisha ikaja asubuhi moja ambayo aliamka akakuta mlango wazi na kitanda cha mama yake kimetandikwa vizuri, kona zimekunjwa kama za hospitali. Alimtafuta sokoni, akamtafuta kituo cha polisi. Alimkuta kwenye lango la kiwanda cha mikate, mbali na nyumbani, amevaa gauni nje ndani na kandambili mguu mmoja. Bi Zamu alikuwa akimwamuru mlinzi amfungulie kwa sababu zamu yake inaanza. Pembeni walisimama vijana watatu na simu zao. Walikuwa wakimpiga picha, na mmoja alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

Dobi hakuwagombeza. Alimshika mama yake mkono, akamwambia zamu imeahirishwa, akamrudisha nyumbani kwa gari la kukodi. Njia nzima kicheko kile kilikuwa kikimlia masikioni. Alipofika alikula kiapo kimyakimya kwamba hakuna binadamu atakayemcheka mama yake tena. Siku hiyo hiyo alinunua komeo.

Majirani aliwaambia kwamba mama ana miguu, yaani inamuuma. Ni uongo ambao mtu yeyote huuamini, kwa sababu kila familia ina mtu mwenye miguu. Walikuja kumjulia hali, naye akawapokea kizingitini. Mama amelala, daktari amesema apumzike, salamu zitafika. Mara moja moja walisikia sauti ya Bi Zamu ikitoa amri huko ndani, na Dobi aliwaambia ni redio. Walimletea matunda. Walimletea mafuta ya kuchua, kila mmoja akiapa kwamba ya kwake ndiyo kiboko. Dobi alikuwa na chupa nyingi za mafuta ya miguu kuliko duka la dawa, na mama mwenye miguu mizima kuliko yake.

Kukataa kuutoa mlango lilikuwa jambo lisilowezekana. Meza isingeanza bila mlango wa Bi Zamu, na watu wangeuliza kwa nini. Kwa hiyo Dobi alipanga. Mlango wa mbele utatoka. Mama atakaa chumba cha ndani, chenye mlango wake na ufunguo wake, na atakuwa amelala. Tatizo lilikuwa komeo. Alilifungua, akalitia mfukoni mwa aproni, akabaki akitazama matundu manne ya skrubu kwenye rangi ya buluu.

Seremala angeziba kwa vumbi la mbao na gundi. Mpaka rangi angeziba kwa lipu. Dobi alichukua alichonacho. Alikata kipande cha sabuni ya mche, ya buluu, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikalainika, akakisukuma ndani ya kila tundu na kulisawazisha kwa ukucha. Alirudi nyuma hatua kadhaa akatazama. Hakuona kitu. Aliridhika na kazi yake, akarudi kwenye pasi.

Jioni seremala alipita kulainisha bawaba, kama alivyofanya kila mwaka ili milango isigome asubuhi. Alikuwa amebeba kitu kwapani. Kilikuwa kigoda kifupi chenye mto juu yake.

"Cha mama," alisema. "Akikaa mezani kesho aweke miguu hapa. Mto ameshona mke wangu."

Dobi alikipokea. Kilikuwa kimepigwa msasa hadi chini ya miguu yake, mahali ambapo mtu asingeangalia. Alitaka kusema kitu, akaishia kusema kwamba mama huenda asitoke, maumivu yamezidi. Seremala alijibu kwamba asipotoka, kigoda kitamfuata ndani. Akapaka mafuta bawaba ya juu, akapaka ya chini, akamtakia heri ya sikukuu, akaenda zake.

Kutoka chumba cha ndani Bi Zamu aliuliza nani huyo anayezurura wakati wa kazi.

"Fundi, mama. Ameshaondoka."

"Na wewe msichana mpya, umefunika nywele?"

"Nimefunika."

Siku hizi ndivyo Bi Zamu alivyomwita, msichana mpya. Mwanzoni neno hilo lilimkata Dobi maini. Baadaye alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Angalau msichana mpya alikuwa na kazi, na msimamizi hakuwa mkali kwake kupita kiasi.

Asubuhi ya Idi mtaa ulinukia sabuni na nguo zilizopigwa pasi, na zaidi ya nusu ya pasi hizo zilikuwa za mkono wa Dobi. Watu walitoka kwenda kuswali wakiwa wamenyooka kama bahasha mpya. Dobi hakwenda. Aliwaona wanapita, na makunyanzi pekee aliyoyaona yalikuwa ya nyuso. Mama Pacha, jirani wa mkabala, alimpungia mkono na kumwambia atamwombea. Pacha wake wawili, wasichana wa shule ya awali, walikuwa wamevalishwa mavazi yanayofanana na tayari mmoja alikuwa ameshajimwagia maji.

Mara tu mtaa ulipotulia, wa kanisani walianza kazi. Seremala alikuja na mtoto wa dada yake, wakainua mlango wa buluu, nao ukatoka bila kulalamika. Dobi alisimama akiutazama ukibebwa. Nyumba ilijaa mwanga ghafla. Aligundua kwamba ametazama uwazi ule kwa muda mrefu, kama mtu aliyefunguliwa bandeji. Kisha akaingia ndani, akamkuta mama yake ameketi kitandani akikunja foronya, akambusu kichwani, akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Aliutia ufunguo mfukoni, ukakutana na komeo, vikagongana.

Waliporudi waswali, meza ilikuwa tayari. Milango ilikuwa imelala kwa mpangilio wake. Kwanza wa buluu, kisha wa kijani, kisha ule wa bati ambao ulipiga kelele kila mtu alipoweka glasi, na kuendelea hadi kona. Watu walipeana mikono ya Idi, wakakumbatiana, wakatafuta mahali pa kukaa mbali na milango yao. Mama Pacha na wanawe walipata mlango wa Bi Zamu. Kinyozi naye akakaa hapo, kichwa chake kimenyolewa kikang'aa kwa heshima ya sikukuu, akidai kwamba hilo ndilo bango la biashara yake. Seremala alikaa mwisho wa mlango huo. Kigoda kilikuwa chini kando yake, tayari.

Dobi hakukaa. Alikuwa na vitambaa vya kufutia mikono, vyeupe, vilivyotiwa wanga na kukunjwa pembe tatu. Hiyo ndiyo sadaka yake ya kila mwaka, na alivigawa huku sikio moja likiwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa kimya.

Chakula kilipakuliwa. Habari zilipakuliwa pia, kama kawaida. Kinyozi alikuwa katikati ya hadithi ya mteja aliyesinzia kwenye kiti akaamka hana ndevu, na mikono yake ilikuwa ikisimulia pamoja na mdomo. Mkono mmoja ulikipiga kikombe. Chai ya moto ilitapakaa juu ya mlango wa buluu, ikateremka kuelekea ukingoni.

"Nimeuharibu mlango wa msimamizi," alisema, akachukua kitambaa chenye maji, akaanza kusugua kwa bidii.

Povu likatokea.

Mwanzoni lilikuwa dogo. Kinyozi alisugua zaidi ili kuliondoa, nalo likaongezeka. Liliibuka kutoka ukingoni mwa mlango, jeupe lenye ubuluu kwa mbali, likajikusanya kama maziwa yanayotaka kumwagika. Pacha walipiga makofi. Mmoja alichovya kidole, akajipaka puani.

"Jamani," alisema Kinyozi, "nimeona mengi, lakini mlango unaojifua mwenyewe ndiyo leo. Huyu dobi sasa amezidi."

Meza nzima ilicheka. Dobi naye alitoa kitu kama kicheko. Alimwona seremala akiinama. Alimwona akipitisha ukucha kwenye povu, akikwangua, akitoa kipande cha sabuni, kisha kingine. Seremala alitazama matundu manne yaliyokaa mraba. Alikuwa ametia makomeo maisha yake yote. Alitazama mahali matundu yalipo, chini, upande wa nje. Kisha akainua macho, akatazama nyumba isiyokuwa na mlango, halafu Dobi.

Alichukua sahani yake, akaiweka juu ya matundu.

"Mbao za zamani hizi," alimwambia Kinyozi. "Zinakunywa sabuni miaka, siku moja zinaitapika. Maliza hadithi yako."

Kinyozi alifungua mdomo kuimalizia. Hapo ndipo mlango wa chumba cha ndani ulipogongwa.

Haukugongwa kwa fujo. Uligongwa kwa adabu, kama anavyogonga mtu aliyekuja kwa mkuu wake wa kazi, na kwa kuwa nyumba ilikuwa wazi, kila aliyekaa karibu alisikia. Mama Pacha aliweka kijiko chini, uso umemchangamka.

"Bi Zamu ameamka. Twende tumlete. Fundi, chukua kigoda."

Waliinuka watatu. Dobi aliwahi kufika kabla yao, akasimama katikati ya fremu, mikono imeshika huku na huku. Kwa miezi yote ile alikuwa amewapokea hapo hapo, na kila mara, maneno yalipomwishia, alikuwa na kitu cha kufunga. Leo mlango ulikuwa mezani, una chai juu yake.

"Amelala," alisema.

Chumba kikagongwa tena.

"Mdogo wangu," alisema Mama Pacha kwa upole, "aliyelala hagongi."

Dobi alitazama nyuso zile tatu. Mama Pacha alikuwa na mafuta ya kuchua mkononi, chupa nyingine tena, imefungwa utepe wa sikukuu. Seremala alikuwa amekikumbatia kigoda. Kinyozi alikuwa nyuma yao, na huyo ndiye aliyemwogopa zaidi, kwa sababu Kinyozi akimcheka mtu leo, kesho kicheko hicho kinakalia kila kiti cha duka lake.

"Hana miguu," Dobi alisema, kisha akajirekebisha. "Namaanisha miguu yake ni mizima. Nimewadanganya. Kinachoumwa si miguu."

Alikaza mikono kwenye fremu.

"Anapotea. Hanijui. Anadhani bado yuko kiwandani. Alikwenda hadi langoni, wakamcheka, wakampiga picha, mimi nimesimama pale ninaona. Sikutaka mumwone hivyo. Mnamkumbuka alivyokuwa. Nilitaka mbaki na kumbukumbu hiyo."

Seremala aliangalia chini. Mama Pacha alikuwa ameziba mdomo kwa utepe wa chupa. Chumba kikagongwa mara ya tatu, na safari hii sauti ya Bi Zamu ilifuata, tulivu kabisa, ikiomba mwenye ufunguo afanye hima kwani tanuri limeshawaka.

Dobi alipiga moyo konde. Alitoa ufunguo, akaingia ndani, akafungua.

Bi Zamu alitoka akiwa amevaa gauni lake jeupe la zamani la kazini, ambalo Dobi hakujua kama bado lipo, na kichwani amejifunga foronya. Alivuka sebule kwa hatua za mtu anayejua aendako. Alipita chini ya mashati bila kugusa hata mkono wa shati moja, akapita katikati ya watu watatu waliokuja kumbeba, akatokea barabarani kwenye jua. Seremala alibaki na kigoda chake mikononi kama mtu aliyeachiwa mtoto na asiyemjua.

Meza ilinyamaza kutoka mlango hadi mlango. Hata ule wa bati ulinyamaza.

Bi Zamu alisimama. Alitazama kushoto, upande wa kiwanda, na Dobi akasogea tayari kumshika. Kisha alitazama meza. Aliona watu wengi wameketi katika mistari miwili, na mikate kwenye vikapu. Kitu fulani usoni mwake kilijipanga.

"Nani amewaruhusu kukaa?" aliuliza.

Mwishoni mwa meza mtoto mmoja alicheka. Dobi alihisi kicheko hicho kikimpita mgongoni kama maji ya baridi. Alimtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa amefungua mdomo.

"Shikamoo, msimamizi," Kinyozi alisema. "Leo nimewahi."

Wengi mtaani walikuwa wamesahau, na Dobi alikuwa mmoja wao. Kabla hajashika wembe, katika ujana wake, Kinyozi alifanya kazi kiwanda cha mikate kwa msimu mmoja, chini ya Bi Zamu, na alifukuzwa kwa kuchelewa.

Bi Zamu alimkagua kuanzia viatu. "Marahaba. Umewahi, ndiyo. Na kichwa je?"

Kinyozi alijipapasa upara uliong'aa. Kisha, bila kutabasamu hata kidogo, alichukua kitambaa kimoja cheupe kutoka mezani, akakikunjua, akakitandaza kichwani na kukifunga nyuma. Wanga wa Dobi ulikisimamisha pembe mbili kama masikio. Alisimama wima na pembe zake, akingoja hukumu.

"Sawa," alisema Bi Zamu. "Wengine?"

Seremala alikiweka kigoda chini, akachukua kitambaa. Mtoto wa dada yake akafuata. Waliotoka kuswali walikuwa na kofia na mitandio yao tayari, wakaziweka sawa kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Wa kanisani walijifunga vitambaa mmoja baada ya mwingine, mpaka meza nzima ikawa na vichwa vyeupe na vya rangi. Mtoto aliyecheka alivaa viwili. Sasa watu walikuwa wanacheka tena, chini kwa chini, wakitazamana vichwa, na Bi Zamu aliwatazama wanavyocheka akaonekana kuridhika, kwa sababu zamu yenye furaha haiunguzi mikate. Mama Pacha alimletea kikapu kikubwa.

"Hii bado haijagawiwa, msimamizi. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Bi Zamu alikipokea kikapu, akakipima uzito kwa mkono. Alianzia mlango wa buluu. Alimpa kila mtu mkate wake, akimtazama machoni, akisahihisha kola moja hapa na mkono mmoja wa nguo pale. Hakumjua hata mmoja kwa jina, na hakumruka hata mmoja. Watu walipokea kwa mikono miwili. Alipofika mwisho wa meza alirudi kwa upande wa pili, na kikapu kilipoisha, kingine kikawa kinamsubiri, kimejazwa mikate ile ile ambayo watu walikuwa wameirudisha kimyakimya nyuma ya mgongo wake.

Dobi alimfuata hatua kwa hatua, mikono mbele, kama anavyofuatwa mtoto anayejifunza kutembea. Kwenye mlango wa bati Bi Zamu aligeuka, akamwona.

"Huyu msichana mpya," aliwaambia wote, "tangu asubuhi hajakaa. Tangu jana. Nani kampa zamu peke yake?"

Aliitazama meza kutoka kona hadi kona.

"Nauliza. Msichana mpya hapewi zamu peke yake. Anapewa mtu wa kusaidiana naye. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa."

Macho ya Dobi yalijaa, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa mbele, hakuwahi kuyafuta.

"Ni kosa letu, msimamizi," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa nzito. "Hatukuangalia vizuri. Mimi nitachukua asubuhi."

"Asubuhi una watoto," alisema Kinyozi. "Mimi duka langu halina mtu asubuhi. Weka mimi asubuhi."

"Wewe utachelewa," alisema Bi Zamu.

Hapo meza ililipuka kwa kicheko, na Kinyozi alicheka kuliko wote, na Bi Zamu mwenyewe alicheka, kicheko kile cha zamani cha kurudisha kichwa nyuma ambacho Dobi alikuwa ameshakizika. Alimsikiliza mama yake akicheka katikati ya watu. Kisha Mama Pacha akamvuta mkono, akamkalisha kwenye nafasi yake mwenyewe, mbele ya sahani iliyojaa. Ulikuwa mlango wa Dobi mwenyewe, na sheria ilikataza, lakini hakuna aliyesema kitu. Seremala alimsogezea kigoda chini ya miguu.

Jua lilipoanza kulegea, milango ilirudishwa. Wa kwanza kulazwa ndio wa mwisho kutundikwa. Bi Zamu alikuwa kwa Mama Pacha, akiwafundisha pacha kufunga mkate kwenye karatasi. Seremala aliuegemeza mlango wa buluu ukutani, akasafisha matundu manne kwa ncha ya msumari mpaka sabuni ikaisha yote. Alichonga vijiti vinne vya mbao, akavigongomea ndani kwa gundi, akavikata sawa na uso wa mlango.

Dobi alitoa komeo mfukoni. Lilikuwa na joto la mwili wake.

"Hili nilitie wapi?" seremala aliuliza.

Dobi alifikiri. Angeweza kusema litupwe, lakini hakuwa mtu wa kutupa chuma kizima.

"Kwenye kabati la pasi," alisema. "Mama anapenda kuigusa pasi ikiwa ya moto."

Seremala alicheka kidogo, akaingia ndani kutafuta kabati.

Kesho yake, Dobi alikuwa bado hajafunga aproni mlango ulipogongwa. Safari hii uligongwa kutoka nje. Kinyozi alisimama kizingitini, amenyoa, hana usingizi machoni, na kichwani amefunga kitambaa cheupe chenye pembe mbili. Bi Zamu alitoka chumbani na gauni lake la kazi, akamtazama juu hadi chini.

"Umechelewa," alisema.

"Nisamehe, msimamizi. Haitarudiwa."

"Wanasema hivyo wote. Beba kikapu."

Walitoka pamoja, wakashuka mtaa polepole, na Dobi aliwasikia wakibishana juu ya chachu. Mahali fulani mbele, mlango wa bati ulifunguliwa, na mtu akamwamkia msimamizi. Dobi alitazama rundo la mashati yanayomsubiri. Kisha akazima pasi, akajilaza kwenye mkeka chini ya kamba, miguu juu ya kigoda, na akalala usingizi mzito, mlango ukiwa wazi.